Madam na Mlango wa Mabati

Jirani yangu hapa Homa Bay huchemshia paka wake omena, dagaa wa ziwani, kila alasiri, zile zilizovunjikavunjika ambazo hazifai tena kupelekwa sokoni. Harufu yake hupanda ukuta wangu, huingia kwa madirisha yangu ya alumini, hupita juu ya vigae vyangu na kukaa kwenye makochi kama mgeni asiyejua kuaga. Mtu mwingine angelalamika. Mimi huweka chini kijiko, nikasikiliza kama kuna nyayo za paka.

Nyumba hii sikuirithi. Niliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, kwa jasho la miaka tisa kule Ghuba, Uarabuni, ambako nilikuwa afisa wa usalama kazini na watu wa mataifa sita walivaa kofia ngumu nilipowaambia wavae. Nina stashahada, na katika ukoo wa baba na ukoo wa mama hakuna aliyewahi kushika karatasi ya namna hiyo kabla yangu. Siyasemi haya kwa majivuno. Au tuseme nayasema kwa majivuno, maana sikumwona mtu aliyenisukuma nyuma nilipokuwa nikipanda.

Lakini harufu ile ikinifikia, stashahada hainisaidii. Narudi kuwa mtoto wa miaka tisa pale Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, na paka wetu Madam ananitazama kwa jicho la mtu aliyechoka kurudia somo moja. Nataka niwasimulie habari zake, kwa sababu nimetembea na sijaona mnyama mwerevu kama yule. Niwaambie mapema tu kwamba habari za Madam ni habari za mikono ya mdogo wangu Marwa pia. Nimejaribu kuzitenganisha, hazitengani.

Baba yetu alikuwa Mkuria wa karibu na mpaka, aliyefuata dhahabu mpaka Osiri na kukwama huko. Mama alikuwa Mjaluo wa Homa Bay, Msabato wa kweli. Baba hakujua Kijaluo cha kutosha kugombana, na Mama hakujua Kikuria hata cha kusalimu, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili. Mama alipenda kusema kwamba ndiyo maana ndoa yao ilidumu: matusi makali yote yalibaki katika lugha ambayo mwenzake hakuielewa.

Madam alitoka kwa Dani, nyanya yetu mzaa mama, akiwa ndani ya kikapu kilichofungwa kanga, juu ya kilo mbili za omena. Alifika bila kugusa hata moja. Dani alikuwa amemwambia Mama, "Huyu si mwizi, huyu ni mkaguzi." Paka huyo alikuwa mweusi, kifua cheupe kama blauzi ya sare, na alitembea kama naibu wa mwalimu mkuu wetu akipita kukagua kucha. Jina lilijileta lenyewe.

Alijua mambo ambayo hakuna aliyemfundisha. Baba aliporudi kutoka shimoni aliweka karai chini mlangoni. Kama siku ilikuwa kavu, karai lilianguka kwa kishindo, na kabla halijatulia Madam alikuwa juu kwenye boriti, mbali na miguu ya watu. Kama kulikuwa na chochote, karai liliwekwa polepole kama mtoto aliyelala, na Madam alikuja kujisugua kwenye buti la Baba. Sisi watoto tulijifunza kumtazama yeye kwanza. Akipanda boriti, tulikumbuka ghafla kwamba tuna kuni za kuokota.

Aliijua hata Sabato. Ijumaa Mama alipika chakula cha siku mbili, maana Jumamosi moto haukuwashwa, na Jumamosi hakukuwa na samaki wa kupaa magamba wala vichwa vya kutupa. Baada ya miezi michache tukaanza kukuta kichwa cha samaki nyuma ya mtungi kila Ijumaa jioni, na kesho yake, sisi tukiwa kanisani, kilikuwa kimeliwa. Baba, ambaye hakuwa na dini ya siku yoyote, alifurahi mno. "Mama Chacha," akasema, "paka yako ni Msabato kuliko wewe. Wewe juzi ulikoka moto wa chai, nilikuona."

"Hiyo ilikuwa ya mgonjwa," Mama akasema.

"Mgonjwa gani?"

"Wewe."

Lakini akili yake kubwa ilikuwa kwenye mlango. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja cha udongo na mlango wa mabati, na komeo lake lilikuwa kipande cha mti kilichopigiliwa msumari mmoja katikati. Ukikilaza, mlango umefungwa. Ukikisimamisha, mlango unafunguka wenyewe, kwa kuwa bawaba zilikuwa zimeinama. Madam aliupanda mtungi wa plastiki uliokaa kando ya mlango, akanyoosha mkono wake wa kulia, akalipiga komeo mara mbili kutoka chini. Likasimama. Mlango ukaachama kiasi cha bega la paka, naye akatoka bila kutazama nyuma. Tuliita majirani waje waone. Mama Achieng, aliyekuwa akiwauzia wachimbaji chai na mandazi mbele ya nyumba yetu, aliweka mikono kichwani akasema, "Yaye! Hii ikijua kufungua kabati ya mandazi, nahama Osiri."

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, kwa ufupi. Mawe yakishasagwa na udongo kuoshwa, unabaki na mchanga mzito mweusi wenye chembe za dhahabu usizoweza kuzichagua kwa jicho. Unatia zebaki, yale maji ya fedha yanayokimbia kama yana miguu, unakanda kwa mikono mitupu. Zebaki inazikumbatia chembe zote. Unakamua kwenye kitambaa, unabaki na kidonge kidogo cha kijivu. Kidonge hicho unakichoma juu ya jiko, kwenye kifuniko cha kopo. Zebaki inapanda hewani na kwenda zake, na dhahabu inabaki, njano, ndogo kuliko ulivyotumaini. Nyumbani kwetu zebaki hatukuiita zebaki. Tuliiita dawa.

Wenye mashimo makubwa walichomea mahali pao. Baba alichomea nyumbani, jioni jua likiwa bado lipo, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, na gunia limesukumwa chini ya mlango. Upepo ungeweza kuyumbisha moto. Lakini sababu ya kwanza ilikuwa watu. "Dhahabu haipendi macho mengi," Baba alisema kila mara akilisukuma gunia lile kwa mguu. Mtu akiona umechoma leo, kesho anakuja na shida ya hospitali, keshokutwa na michango ya matanga. Kila nyumba ya pale iliamini hivyo. Ukipita jioni ukakuta mlango umefungwa na moshi wa makaa unapenya juu ya bati, ulijua, na ulijifanya hujui.

Mara ya kwanza Baba alipochoma kidonge Madam akiwa ndani, paka alilala karibu na jiko kama paka yeyote anayependa joto. Kesho yake hakula. Siku tatu alikaa chini ya kitanda akitoa ute, kichwa kikitikisika kama cha kizee anayekataa jambo. Mama alimtilia maziwa mdomoni kwa kijiko. Siku ya nne akatoka, mwembamba, akajilamba, akarudi kazini. Sote tukasema amekula panya aliyewekewa sumu.

Tangu siku hiyo, Baba alipoitoa tu ile chupa ndogo ya dawa kutoka kwenye buti la zamani alimoificha, Madam alisimama, akapanda mtungi, akapiga komeo, akatoka. Hakusubiri moto. Mara moja tu ilimtosha. Mimi ambaye nimesimamia mafunzo ya wafanyakazi mia kadhaa, kofia mkononi, picha ukutani, sijapata mwanafunzi kama yeye.

Na mimi nilitoka naye. Msidhani nilijua kitu. Mimi ndiye mkubwa, na kazi ya kupepea moto kwa kipande cha kadibodi ilikuwa yangu, kwa haki ya kuzaliwa. Lakini sikuweza kukaa. Paka akitoka, nami nikakumbuka kwamba kuna mpira, kuna mawe ya kurusha, kuna Achieng wa jirani anayenidai kipigo. Baba alivumilia mara tatu. Ya nne akaninyang'anya kadibodi, akampa Marwa, aliyekuwa na miaka mitano.

"Huyu ndiye mura," akasema. Mura ni kijana wa kiume huko kwao, kijana kamili. "Wewe Chacha fuata paka yako."

Marwa alikaa kwenye kigoda kidogo, magoti yakigusa jiko, akapepea kwa mikono miwili. Hakuangalia kando. Mama alisema mbele ya wageni, "Mtoto mwenye adabu nimemzaa wa pili." Niliyasikia maneno hayo na yaliniuma, na kwa kuwa sikuweza kushindana na Marwa kwa utulivu, nikaamua kushindana naye kwa akili.

Nafasi nilipewa na Madam mwenyewe. Jioni moja alichelewa. Baba alikuwa amekwisha kufunga, kidonge kiko motoni, ndipo paka akatoka chini ya kitanda, akapanda mtungi, akapiga komeo. Mlango ukaachama wakati ule ule Mama Achieng alipokuwa akipita na sufuria. Alichungulia. Mtu gani asingechungulia?

"Ooh, Baba Chacha," akasema kwa sauti ya kuimba, "leo mumepika nini kitamu, mumejifungia hivyo?"

"Tunapika dawa ya kifua," Baba akasema.

"Mtatuonjesha basi. Hata mimi nakohoa."

Kesho yake asubuhi alikuja na shida ya karo. Baba alimpa, maana angefanyaje. Alipoondoka, Baba aliutazama mlango, akamtazama paka, akasema ataenda kumtupa ng'ambo ya mto.

Hapo ndipo nikasema, "Baba, usimtupe. Nitautengeneza mlango."

Nilichukua waya, nikaukunja ncha, nikaufunga kwenye komeo, nikaupitisha kwenye tundu la msumari katika bati mpaka nje. Nje nikapigilia msumari mmoja kwenye fremu. Komeo likilazwa, mtu aliye nje anavuta waya, anauzungushia msumari, na komeo halisimami tena hata lipigwe namna gani. Niliongeza na mlinzi: mimi mwenyewe ningekaa nje, mgongo kwenye mlango, na akija mtu nigonge bati mara mbili kwa kisigino. Baba alijaribu komeo kutoka ndani. Alilisukuma kwa kidole, kisha kwa kiganja. Halikusogea.

"Mama Chacha," akaita, "njoo uone. Huyu atakuwa injinia."

Sijui kama mliwahi kusifiwa na baba asiyesifu. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimevumbua kitu. Ule waya ulikuwa shule yangu ya kwanza. Leo nikikuta mlango wa namna hiyo kwenye eneo la kazi, mlango ambao mtu wa ndani hawezi kuufungua, nasimamisha kazi hapo hapo na naandika ripoti.

Waya wangu ulifanya kazi msimu mzima. Madam alijifunza kuwahi, akawa anatoka Baba anapovua kofia, kabla hata ya kuligusa buti. Kisha akazaa. Watoto wanne, chini ya kitanda, ndani ya boksi, na paka mwenye watoto hawezi kutoka kila mara apendapo. Siku ya kuchoma ikafika watoto wakiwa hawajafungua macho. Baba alipolaza komeo, Madam alikuwa ananyonyesha. Nilivuta waya kutoka nje, nikauzungushia msumari, nikakaa na kuegemea.

Nilimsikia akipanda mtungi. Nikasikia mkono wake kwenye komeo, tap, tap. Kisha tena. Nilihesabu kwa furaha, kama unavyohesabu mabao ya timu yako. Alipiga mara kumi na moja. Kisha kimya, kisha ndani wakaanza kucheka.

"Angalia! Inavuta Marwa!" Hiyo ilikuwa sauti ya Baba.

"Imemshika shati," Mama akasema. "Inataka kumbeba kama mtoto wake. Marwa, mama yako mpya huyo."

"Niache, Madam," nikamsikia Marwa, kicheko kimemjaa kooni. "Niache, nina kazi!"

Nilicheka na mimi, nje, peke yangu, jua la saa kumi na moja likinipiga usoni. Moto wao ulichukua muda kama wa kuimba nyimbo tatu. Baba alipogonga kutoka ndani, nilifungua, na Madam akanipita kama mshale, mtoto mmoja mdomoni. Akarudi. Akatoka na wa pili. Wote wanne aliwahamisha mbele yetu, akivuka njia, mpaka chini ya meza ya Mama Achieng.

Kesho yake Mama Achieng alisimama mlangoni kwetu, mikono kiunoni. "Mama Chacha! Hii paka yenu imeniletea watoto wanne kwa biashara. Kwani mimi ni maternity?"

"Si uirudishe tu," Mama akasema.

"Nimerudisha mara mbili. Imewachukua tena. Muiulize mumekosana nini."

"Imefuata mafuta ya mandazi," Baba akasema kutoka kitandani. "Njaa haina shukrani."

Madam hakurudi kuishi kwetu. Alikuja mchana, akakaa kizingitini, akatutazama, akaondoka. Mama aliumia kidogo. Alisema hata mnyama akikuhama, watu watasema nyumba yako ina neno. Mimi niliona nimeshinda.

Mikono ya Marwa ilianza kutetemeka mwaka aliotimiza miaka saba. Kwanza ilikuwa kwenye kikombe: chai ilitoka pembeni. Mama alimwambia ashike vizuri. Kisha ilikuwa penseli. Shuleni, yeye ambaye hakuwahi kusema uongo, alichapwa kwa kuandika kama kuku, na jinsi alivyozidi kuchapwa ndivyo maandishi yalivyozidi kukimbia mistari. Akawa mkali, yeye Marwa mpole, anarusha sahani. Kisha akawa kimya. Baba pia alikuwa ameanza kutetemeka. Mama alidhani ni pombe, chang'aa, wakagombana kwa Kiswahili, na Baba akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba hajaonja. Alikuwa anasema kweli. Hakuaminiwa mpaka alipokufa.

Tulimpeleka Marwa kuombewa. Tukampeleka hospitali. Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu; alimwambia Marwa aguse pua, anyooshe vidole, afumbe macho. Kisha akamgeukia Mama na kumwuliza, "Nyumbani mnafanya kazi gani?"

Mama akanitazama mimi, akautazama mlango wa chumba cha daktari, ambao ulikuwa wazi na watu wamepanga foleni nje. "Tunalima," akasema.

"Mnalima nini?"

"Mahindi."

Daktari akaandika mahindi. Nilikuwa pale na niliona kalamu ikiandika, na nikaona Mama amejibu vizuri.

Baba alipokufa, Mama alitukusanya akaturudisha Homa Bay kwa Dani. Madam tulimwacha kwa Mama Achieng. Mimi nilisoma. Nilifanya vibarua ufukoni, nikapakia samaki, nikasoma tena. Siku ya mahojiano ya kuingia chuoni, mmoja wa wale wazee nyuma ya meza aliniambia nieleze tatizo nililowahi kulitatua mwenyewe. Niliwasimulia paka na waya. Walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Nafasi niliipata. Niliendelea kuisimulia hadithi ile kwa miaka: bwenini, kwenye ndege, kambini kule Ghuba kwa Wanepali waliocheka hata kabla sijafika kwenye komeo. Ilikuwa hadithi yangu bora.

Isipokuwa kwamba katikati, katika muhula wa nne, kulikuwa na somo la mivuke ya zebaki. Mhadhiri alichora chumba ubaoni: mlango, dirisha, jiko. Akasema madini haya yakipashwa moto hayana harufu na hayana rangi. Akasema chumba kikifungwa hayana pa kwenda. Akasema mtoto mdogo huathirika kabla ya mkubwa, na aliye karibu na moto kabla ya aliye mbali. Akaorodhesha dalili: mikono, mwandiko, hasira, ukimya. Niliandika yote. Nina mwandiko mzuri. Nilipigia mstari kichwa cha somo kwa rula, na katika mtihani swali hilo lilikuja nami nikapata alama ya juu kuliko wote darasani. Jioni ile nilikula, nikafua shati, nikalala. Nilisubiri kitu kinipate na hakikunipata. Mwezi uliofuata mtu akaniomba hadithi ya paka, nikamsimulia, naye akacheka.

Nimerudi nyumbani miaka miwili sasa. Marwa anaishi na Mama, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Ni mtu mzima, mrefu kunishinda, na kwaya ya kanisa lao haianzi besi mpaka yeye aanze. Kikombe chake hujazwa nusu. Vifungo vya shati hufungwa na Mama, ambaye ni mzee na haoni vizuri, kwa hiyo mara nyingine kimoja kinarukwa. Jumapili moja mwaka huu Mama alikuwa sokoni, nami nikamwambia Marwa. Sikuwa nimepanga. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wafanyakazi: mvuke, uzito wake, chumba, umbali wa kigoda na jiko. Nikamweleza waya.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Madam alikuwa anajua?" akauliza.

"Hakujua. Aliugua mara moja, akakumbuka."

"Na Baba?"

"Hakujua."

"Na wewe?"

"Nilikuwa na miaka tisa."

"Basi, omera, ndugu yangu," akasema. "Si hata Mama alikuwa ndani na sisi." Alikizungusha kikombe mezani, mikono yake miwili ikitetemeka kukizunguka. "Lakini kuna kitu hukuona, kwa sababu ulikuwa nje. Siku ile ameniuma shati, nilisimama. Aliponivuta nilimfuata mpaka mlangoni, nilikuwa nataka kuona ananipeleka wapi. Nikasukuma mlango. Haukufunguka. Nikasema kwa roho yangu, kweli Chacha ni fundi. Baba akasema, mura, moto unazimika. Nikarudi nikakaa."

Alilisema hilo bila lawama, kama mtu anayekukumbusha nani alikuwa amevaa nini harusini.

Nimeyafikiria maneno hayo kila siku tangu hapo, kwa utaratibu, jinsi ninavyofikiria ajali. Mtu mzima yeyote angesema mtoto hana hatia, nami kazini ningeandika hivyo na kutia sahihi. Lakini paka naye hakuwa na shule. Alijua kwamba mahali pakikuumiza unatafuta mlango, na alipoweza alijaribu kutoka na mwingine. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, mwenye akili, mwenye waya, na nilichoelewa siku zile ni kwamba mlango mzuri ni ule usiofunguka. Nimejenga maisha juu ya akili ile, na sikatai kwamba yamesimama.

Nilikuwa nimeegemea bati lile siku ile. Marwa anasema alisukuma. Basi lazima kulikuwa na uzito, mdogo, wa mtoto wa miaka mitano, ulionifikia mgongoni. Nimekaa nikautafuta. Nakumbuka jua, nakumbuka mapigo kumi na moja, nakumbuka nilivyocheka. Uzito huo sijaukumbuka.